Ngozi Mbichi Kwenye Mpini

Ndugu mkulima, mpini ukipasuka karibu na jembe na mvua za kwanza zimekwisha anguka, wengi wetu tunakimbilia msumari. Msumari unaingia, ufa unazidi. Wazee walikuwa na njia nyingine, nayo ni ya kale sana.

Huko Misri, kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut lililojengwa miaka kama 3,500 iliyopita, wachimbaji walikuta tezo zilizofukiwa wakati wa kuweka msingi. Bapa la tezo limefungwa kwenye mti kwa kamba za ngozi, msumari hakuna. Nchi ile ni kavu, ndiyo maana ngozi haikuoza. Kwetu mchwa hawaachi kitu. Lakini mtazame Mmasai: mpini wa sime yake huvikwa ngozi ingali mbichi, ikakaukia pale pale na kubana.

Siri iko hapo. Ngozi mbichi ikikauka hujikunja na kukaza. Ngozi iliyokwisha lainishwa kiwandani haiwezi kazi hiyo. (Chuoni mambo haya hatukuyasoma, tuliyakuta kwa wazee.)

Basi kazi hii ilitegemea ng'ombe. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki, mnamo 1890 na 1891, ilifagia makundi mazima. Mwenye zizi akabaki na fimbo. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Kimeta bado kipo! Ng'ombe akifa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma, usimchune, usimpasue. Mwite bwana mifugo. Vijidudu vya kimeta hukaa katika ngozi miaka mingi, na huua watu.

Chukua ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa akiwa mzima na nyama ikapimwa. Ikate kwa kuzunguka, kama unavyomenya chungwa, upate ukanda mmoja mrefu, upana wa kidole cha mwisho. Loweka usiku kucha, kwangua manyoya, kisha zungushia penye ufa ingali imelowa, ukivuta kwa nguvu, kila mzunguko ugusane na mwenzake. Ukitaka kusuka, tumia kanda nne, uzivute sawasawa kama akina mama wanavyosuka ukili. Pale mkono unapoteleza usifunge, utapata malengelenge bure. Anika kivulini siku mbili tatu, maana jua kali huipasua. Halafu paka mafuta ya ng'ombe au nta, kwani ikilowa hulegea tena, na jembe ulitundike juu mbwa asilifikie.