Seli Hutoka Wapi?

Kwa miaka mingi, nilipokuwa nikifundisha bayolojia katika chuo cha ualimu, niliandika ubaoni sentensi ile ile kila mwanzo wa mwaka, na wanachuo wakainakili: kila seli hutokana na seli iliyoitangulia, aliyegundua jambo hili ni Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani, mwaka 1855. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Kasoro ya nusu ya pili nilikuja kuijua nikiwa nimekwisha kustaafu, na tangu hapo imekuwa ikinikera.

Jina la seli alilitoa Mwingereza Robert Hooke katika kitabu chake cha mwaka 1665, baada ya kutazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Aliona vyumba vitupu, maana gome lile lilikuwa limekufa. Miaka zaidi ya 170 ilipita kabla ya Wajerumani wawili kusema kwa uhakika kwamba mimea (Schleiden, mwaka 1838) na wanyama (Schwann, mwaka 1839) wamejengwa kwa seli. Hapo walisema kweli. Walipoulizwa seli mpya hutoka wapi ndipo walipopotoka. Walidai kwamba hujiunda zenyewe ndani ya ute: kwanza kiini hujikusanya, kisha utando hukizunguka. Tusiwacheke. Mtu aliyetazama chumvi ikijikusanya katika mashimo ya maji ya bahari yanayokauka ataona kwamba wazo hilo halikuwa la kijinga.

Lakini tazama maana yake. Kama seli yaweza kuzuka katika ute bila mzazi, basi uhai unajianzisha wenyewe kila siku ndani ya miili yetu, na uvimbe nao waweza kuzuka tu, pasipo asili katika seli za mwili.

Aliyekataa jambo hili mapema aliitwa Robert Remak. Alizaliwa mwaka 1815 katika mji wa Posen, ambao leo ni Poznań nchini Poland, akasomea udaktari Berlin kwa Profesa Johannes Müller, mwalimu yule yule aliyewalea Schwann na Virchow. Mwaka 1841 alieleza alivyoona chembe nyekundu za damu za kifaranga, kikiwa bado ndani ya yai, zikigawanyika mbili mbili. Hakukimbilia kutangaza kanuni. Aliendelea kutazama, hasa mayai ya chura. Yai la chura baada ya kurutubishwa hujikata likawa mawili, manne, manane, na kuendelea, bila mkusanyiko wote kuongezeka ukubwa. Remak aliyatia mayai dawa ya kukaza tando zake, akaonyesha kwamba kila seli katika mkusanyiko ule ina ukoo unaorudi hadi kwenye yai lenyewe. Mwaka 1852 akaandika bila kusita kwamba seli kuzuka bila seli ni jambo lisiloaminika, sawa na kiumbe kizima kuzuka bila wazazi.

Hapa nilikuwa nikiwauliza wanachuo: kwa nini seli isikue tu ikawa kubwa, badala ya kugawanyika? Nikawachorea boksi. Boksi la sentimita 1 kila upande lina eneo la nje la sentimita 6 za mraba, na ujazo wa 1. Ongeza upande uwe 2: eneo huwa 24, lakini ujazo huwa 8. Kila sehemu ya ndani sasa ina 3 tu za ngozi badala ya 6. Sukari, oksijeni na taka zote hupita katika utando huo. Seli ikinenepa mno, katikati yake hupata njaa. Mwanachuo mmoja alisema ni kama nyumba kubwa yenye mlango mmoja, na tangu siku hiyo niliutumia mfano wake.

Turudi kwa Remak. Alikuwa Myahudi, na katika dola ya Prussia Myahudi hakuruhusiwa kufundisha chuo kikuu. Wengine walibatizwa wakapata kazi, yeye alikataa. Alimwandikia mfalme, na hata Alexander von Humboldt, msomi aliyeheshimiwa mno, alimtetea. Ruhusa ilikuja mwaka 1847, lakini kwa cheo cha chini kisicho na mshahara wa chuo, kwa hiyo aliishi kwa kutibu wagonjwa. Mwaka 1859 alipandishwa kidogo. Alikufa mwaka 1865, hajawahi kuwa profesa kamili.

Virchow kwa miaka kadhaa alishikilia nadharia ya ute. Alipobadili mawazo, akaandika ile kanuni yake maarufu mwaka 1855, na kitabu chake kikubwa kikafuata mwaka 1858, bila kumpa Remak haki yake. Simwiti mwizi mtupu. Ni yeye aliyeichukua kanuni ile akaipeleka kwenye magonjwa, akafundisha madaktari kuutafuta ugonjwa ndani ya seli, na hiyo si kazi ndogo. Lakini kuitumia kanuni ni jambo moja, na kuigundua ni jingine.

Namna seli inavyogawanya kiini chake ilielezwa vizuri na Walther Flemming mwaka 1882, aliyetia rangi seli za salamanda akaona nyuzi zikipasuka kwa urefu na kila upande ukipata fungu lake. Remak hakuwa na rangi hizo.

Daftari langu la zamani bado ninalo. Nimekata jina la Virchow kwa wino mwekundu, nikaandika la Remak juu yake. Wanachuo walioinakili sentensi ile ni walimu siku nyingi, wengine nao wamestaafu.