Dhahabu ya dakika chache: Farid Simaika na hesabu ya Amsterdam

Ukitoka Nyabugogo kuelekea Muhanga, Kigali inakuaga darajani. Chini ya daraja unapita mto Nyabarongo, maji mekundu kwa udongo wa vilima vilivyolimwa hadi kileleni, na sijawahi kuona mtu akijitosa humo kwa starehe. Mto huu una kumbukumbu nzito, za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hasa, ambazo hazikai katika ukurasa wa michezo. Leo nautaja kwa ajili ya huko unakokwenda. Nyabarongo huzaa Akagera, Akagera huporomoka Rusumo na kuingia Ziwa Viktoria, na kutoka ziwani ni Nile mpaka Misri, ambako mfereji wa Mahmoudiya huyafikisha maji hayo katika mji wa Aleksandria. Katika mji huo, mwaka 1907, alizaliwa mtoto wa familia ya Wakristo wa Kikopti aliyeitwa Farid Simaika. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mpiga mbizi mkubwa kuliko wote waliowahi kuiwakilisha nchi ya Afrika.

Mwaka huo wa 1907 ndio Kigali inaouhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake. Mwanzilishi wake, Richard Kandt, alikuwa daktari Mjerumani ambaye mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe akidai hapo ndipo Nile inapoanzia. Nyumba yake ingali ipo Nyarugenge, sasa ni makumbusho.

Kuna jambo la tatu la 1907. Mwaka huo Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Kijerumani kutoka Mecklenburg, alifika katika jumba la Mwami (mfalme) Yuhi Musinga huko Nyanza na kuonyeshwa mchezo wa gusimbuka, yaani kuruka juu. Mrukaji alikimbia, akakanyaga kichuguu kidogo au jiwe, akapaa juu ya tete lililolazwa baina ya miti miwili. Mgeni aliandika kwamba walio bora walivuka meta 2.50. Picha ya Mnyarwanda akiwa hewani juu ya vichwa vya Wazungu waliosimama chini ya tete imezunguka dunia tangu hapo. Wakati ule rekodi ya dunia ilikuwa meta 1.97, ya Mmarekani Michael Sweeney. Hakuna Mnyarwanda aliyeingizwa katika kitabu cha rekodi, na sababu ni kile kichuguu: kanuni zilitaka mtu aruke kutoka ardhi tupu. Kabla ya kuuliza nani ameruka sana, inabidi uulize nani anashika futi na anapimia kutoka wapi. Swali hilohilo ndilo lililomkuta Simaika miaka 21 baadaye.

Tuuelewe kwanza mchezo wenyewe. Jukwaa la mbizi lina kimo cha meta 10, kama paa la nyumba ya ghorofa tatu. Kutoka pale hadi majini ni sekunde moja na nusu hivi, na mwili hufika chini kwa mwendo unaokaribia kilometa 50 kwa saa. Katika muda huo, ambao hautoshi kumaliza kusema "haraka haraka haina baraka", mrukaji hujikunja, hujipindua, hujizungusha, kisha hunyooka kama mshale kabla vidole havijagusa maji. Akichelewa kunyooka, maji humpokea kama sakafu.

Vijana wa Forodhani, Unguja, wana jina lao kwa mchezo wa jamii hiyo: makachu. Jioni wanakimbia mpaka ukingoni mwa ukuta, wanajirusha, wanabingirika hewani, chubwi! Waamuzi wao ni umati uliosimama ukutani na alama zao ni kelele. Tofauti na Olimpiki ni moja ninayoipenda. Makachu yakiwamwagia watazamaji maji, raha imekamilika. Kwenye mashindano, kila tone linalorukia nje linakukata alama.

Simaika alifika Amsterdam kwenye Olimpiki ya 1928 akiwa na umri wa miaka 21. Misri ilikuwa changa kama dola, miaka sita tu tangu Uingereza itangaze uhuru wake, na haikuwa imewahi kupata medali ya Olimpiki. Ilipata nne Amsterdam: Ibrahim Moustafa alitwaa dhahabu ya mieleka, Sayed Nosseir dhahabu ya kunyanyua vyuma, na mbili zilizobaki zilikuwa za Simaika peke yake.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Pete Desjardins, Mmarekani aliyezaliwa Kanada na kukulia Miami Beach, mfupi wa takriban meta 1.60, aliyekwisha kupata fedha ya ubao katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Kwenye ubao wa kunesa wa meta 3 hapakuwa na ubishi. Desjardins aliwaacha wenzake mbali kwa alama 185.04, Michael Galitzen wa Marekani akafuata, na Simaika akachukua shaba. Jukwaani mambo yalikuwa mengine. Simaika na Desjardins waliachana kwa unywele, na mbizi ya mwisho ilipokwisha kujumlishwa, Mmisri alikuwa na 99.58, Mmarekani 98.74.

Mshindi akatangazwa: Farid Simaika, Misri. Siku zile hapakuwa na jukwaa la kupandia washindi. Hilo lilikuja kwenye Olimpiki mwaka 1932. Heshima ilikuwa bendera na wimbo. Wimbo wa taifa la Misri ukapigwa kando ya bwawa la Amsterdam. Piga picha ya kijana wa miaka 21 amesimama wima, maji bado yanamchuruzika, akisikia wimbo wa kwao katika nchi ya baridi. Kisha wasimamizi wakarudi na kusema kumefanyika kosa. Dhahabu ni ya Desjardins, Simaika ni wa pili.

Wapo wanaoisimulia hadithi hii kama ya dhahabu iliyoporwa, na naelewa kwa nini. Mwafrika ana alama nyingi, Mmarekani anapewa medali. Nani asiyeijua filamu hiyo? Mimi nimekaa na zile tarakimu kwa muda, kalamu mkononi, na nimetoka na rai tofauti.

Kanuni ya wakati ule haikumpa ushindi mwenye jumla kubwa ya alama. Kila mmoja wa waamuzi watano aliwapanga washindani kwa alama zake mwenyewe, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nafasi hizo ndizo zilizojumlishwa, na mwenye jumla ndogo akashinda. Waamuzi wanne walimweka Desjardins wa kwanza na mmoja tu akamweka wa pili: jumla 6. Simaika alikuwa wa pili kwa wanne na wa kwanza kwa mmoja: jumla 9. Galitzen alikuwa wa tatu kwa wote, 15. Kwa kanuni iliyokuwapo kabla mtu yeyote hajapanda ngazi, Desjardins alishinda.

Lakini mtu atasema kanuni yenyewe ilikuwa mbovu, maana leo tunajumlisha alama. Hapo ndipo tarakimu zinapozungumza. Ikiwa waamuzi wanne walimwona Desjardins bora, na bado jumla yote ikamwangukia Simaika, basi yule wa tano peke yake alimpa Simaika pengo kubwa kuliko mapengo ya wenzake wanne yakiwekwa pamoja. Tuseme kila mmoja wa wale wanne alimtanguliza Desjardins kwa robo ya alama: hiyo ni alama moja. Ili Simaika aongoze, mwamuzi wa tano lazima amtangulize kwa zaidi ya alama moja, peke yake. Huenda mtu huyo aliona uzuri ambao wengine hawakuuona. Huenda alikuwa na mapenzi yake. Mbizi ya leo inamjua mtu wa namna hiyo na imemwekea dawa: katika kila mruko, alama za juu kabisa na za chini kabisa hutupwa, zikabaki za katikati. Kwa hiyo usikimbilie kudai kwamba hesabu ya leo ingempa Simaika dhahabu. Yaelekea ingemnyima vilevile, kwa mlango mwingine.

Kosa la Amsterdam, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye tangazo. Kumwimbia mtu wimbo wa taifa lake kisha kumwambia asogee kando, hiyo ni dharau hata kama hesabu ni sahihi.

Baada ya hapo Simaika hakupata Olimpiki nyingine. Mwaka 1932 michezo ilifanyika Los Angeles, mji ambao yeye mwenyewe aliufanya makao, lakini Misri haikupeleka wanamichezo. Galitzen, wa tatu wa Amsterdam, alitwaa dhahabu ya ubao mwaka huo. Simaika alibaki kufanya kile walichokifanya wapiga mbizi wengi waliotoka kwenye michezo ya ridhaa: maonyesho mbele ya watazamaji wanaolipa, na kazi za filamu za Hollywood zilizohitaji mtu wa kuruka vizuri. Alichukua uraia wa Marekani, akajiunga na jeshi la anga la nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1943 akapotea na ndege yake katika eneo la Indonesia. Alikuwa na miaka 36. Jina lake limo katika Ukumbi wa Kimataifa wa Heshima ya Kuogelea, Florida.

Ushindi wa Desjardins ulikaa sana. Kuchukua dhahabu ya ubao na ya jukwaa kwa pamoja ni jambo ambalo hakuna mwanamume aliyeliweza tena mpaka Greg Louganis, Los Angeles, 1984. Olimpiki hiyo ndiyo ya kwanza kwa Rwanda kushiriki, na Rwanda ilikwenda na wakimbiaji. Waogeleaji wetu walianza kwenda Sydney mwaka 2000, wakifuatwa na kina Pamela Girimbabazi, Jackson Niyomugabo na Alphonsine Agahozo. Mpiga mbizi hajakwenda hata mmoja. Usimlaumu mtu kwa uvivu. Mbizi ya jukwaa inadai bwawa lenye kina cha meta 5 hivi na mnara wa zege juu yake, na mabwawa ya mahoteli ya Kigali yamechimbwa kwa ajili ya mgeni anayetaka kupoza mwili kabla ya chakula cha mchana. Watoto wa Rubavu na Karongi wanaoruka kutoka kwenye miamba ya Ziwa Kivu wana kina cha kutosha, ila hawana anayewahesabia. Babu zao wa Nyanza nao walikuwa na kichuguu na hawakuwa na kitabu.

Afrika haikulala kabisa. Mwaka 1994, mjini Rome, Evan Stewart wa Zimbabwe alitwaa ubingwa wa dunia kwenye ubao wa meta 1, lakini ubao huo haumo katika Olimpiki. Kwa upande wa medali za Olimpiki za mbizi, nchi za Afrika zina mbili tu hadi leo, zote za kijana mmoja wa Aleksandria. Ya jukwaani imeandikwa hivi: Desjardins, 98.74, dhahabu, Simaika, 99.58, fedha.