Herufi Zilizo Juu ya Gunia

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, tumeona yafaa kusema machache juu ya kitu ambacho wanachama hukitazama kila msimu bila kukiwazia, nacho ni herufi za alama iliyopigwa juu ya magunia yetu.

Katika nchi hii ya Handeni na Korogwe, ufundi huo uliletwa na mkonge. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yalipoenea, marobota yakawa yanateremshwa bandarini Tanga. Robota la kilo 250 hufanana na jingine kama pacha; linalolitenga ni maandishi, yaani alama ya shamba na daraja la nyuzi, kama 3L au UG. Mnunuzi wa ng'ambo, asiyepata kuliona shamba, huamini herufi hizo.

Chombo chake ni bati lililotobolewa, brashi na wino mweusi. Ndiyo sababu herufi hizo ni nene tena zina vikato: ukiikata O mzunguko mzima, tumbo lake huanguka chini, ukabaki na tundu. Kwa hiyo umbo lile tulionalo kuwa pambo lilizaliwa na haja ya kazi.

Akina mama nao walikuwa na mwalimu wao katika kanga. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, alitia herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" katika kanga zake. Wasomao na wasiosoma waliitambua alama hiyo kwa umbo lake, kama mtu anavyomtambua jirani kwa mwendo. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kipimo cha alama njema.

Vyama vya ushirika duniani, vilivyoungana London mwaka 1895, vilipokea bendera ya rangi za upinde wa mvua mwaka 1925. Mwaka 2013 vikatoa alama iliyo neno moja tu, coop, na O zake mbili zimefungamana kama pete za mnyororo. Haina jembe wala mkono, na bado maana yake yaonekana.

Kwetu sisi jambo hili halikuwa la urembo. Msimu mmoja mchuuzi fulani alijaza mahindi yenye fumbi katika magunia yetu makuukuu, na lawama ikatuangukia sisi. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 humlinda mwenye alama iliyoandikishwa. Uandikishaji wa kwanza hudumu miaka 7, na kila uhuisho miaka 10. Viongozi wa vyama vya msingi wanaombwa kuihesabu miaka hiyo mapema, na kuyafuta maandishi kwa wino kabla ya kuuza gunia lolote kuukuu.