Gogo la Weber

Mwaka wa 1916 Einstein alibashiri kwa hesabu kuwa yako mawimbi ya mvutano yapitayo angani. Joseph Weber, wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ndiye wa kwanza kuyatega. Alitundika gogo la alumini lizidilo tani moja, akalibandika fuwele zigeuzazo mtetemo kuwa umeme. Mwaka wa 1969 akatangaza kuwa ameyanasa. Wataalamu wengine wakaunda magogo yao, wasipate kitu. Madai yake yakakataliwa. Alifariki mwaka wa 2000, angali ameyashikilia. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya LIGO nchini humo, itumiayo miali ya leza katika mikono ya kilomita 4, iliyanasa kweli. Usimcheke Weber: hakufika alikokusudia, lakini njia waliyoipita wengine aliianza yeye.