Mtoto Anayeshtuka na Kutembea Usingizini: Walivyolitazama Waliotutangulia

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Katika nyumba nyingi yuko mtoto ambaye, watu wakisha kulala saa moja au mbili, huinuka ghafla akapiga ukelele, macho ameyakodoa, jasho linamtoka, wala hamtambui mama yake aliye mbele yake. Mwengine huondoka kitandani kimya kimya, akatembea ukumbini, akafungua hata komeo la mlango na hali amelala. Asubuhi ukimuuliza, hakumbuki lolote.

Na sisi watu wa pwani tuna haraka ya kusema, "Ana pepo huyu." Hapo huanza safari za waganga, mafusho ya kila namna, na pengine fimbo, na mtoto akabandikwa jina ambalo wenziwe wa mtaani na wa chuoni hawatamsahaulisha. Basi na tutazame Waislamu waliotutangulia walilichukua vipi jambo hili.

Tuanze na Mtume (S.A.W.). Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kuwa aliwafundisha Masahaba maneno ya kuomba kinga ya Mwenyezi Mungu kwa anayeshtuka usingizini, na kuwa Abdallah bin Amr bin Al-Aas (R.A.) akiwasomesha maneno hayo wanawe waliokwisha pata akili, na wale wadogo akiwaandikia. Ikhtilafu ya wanavyuoni juu ya kuvaa maandishi ina mahali pake. Lililo muhimu hapa ni kuwa khofu ya usiku ilijulikana tangu zama hizo, na aliyeishughulikia alikuwa mzazi mwenyewe, kwa dua na utulivu, bila ya ngoma wala malipo.

Na pamoja na dua zilikuwapo tahadhari. Mtume (S.A.W.) aliamrisha watoto waingizwe ndani jua linapokuchwa, milango ifungwe na taa zizimwe wakati wa kulala, na akakataza mtu kulala juu ya paa lisilokuwa na ukingo. Mwenye mtoto atembeaye usingizini ataiona hikima ya maneno haya upesi kuliko mwengine. Tena sharia yetu haimwandikii dhambi aliyelala mpaka aamke, wala mtoto mpaka abaleghe. Mtoto huyu amekusanya nyudhuru zote mbili kwa pamoja. Anayempiga, basi, anampiga kwa kosa gani?

Ama matabibu wa Kiislamu, wao waliandika mengi juu ya watoto. Abu Bakr Ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925), alitunga risala ya maradhi ya watoto peke yake. Ibn Al-Jazzar wa Qayrawan, nchi ya Tunisia ya leo, aliandika katika karne ya 4 Hijria kitabu cha malezi na matibabu yao, Siyasat as-Sibyan wa Tadbirihim. Na Ibn Sina (980–1037), katika Al-Qanun fit-Tibb, alizitaja ndoto zinazomtisha mtoto. Alisema aghlabu sababu yake ni shibe iliyopita kiasi, chakula kikaharibika tumboni. Akaagiza mtoto asilazwe na tumbo lililojaa, na arambishwe asali kidogo. Mahali pengine akaonya kuwa mtoto alindwe na hasira kali, khofu, huzuni na kukosa usingizi. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, kikachapwa kwa Kiarabu mjini Rome mwaka 1593, na kwa karne nyingi kilisomeshwa Ulaya.

Elimu haikusimama hapo. Mwaka 1968 daktari wa Kanada, Roger Broughton, alieleza kuwa kushtuka huku na kutembea si ndoto. Ni kuamka kusikotimia: mwili umezinduka na akili ingali katika usingizi mzito kabisa. Kwa hivyo hutokea mwanzo wa usiku, na mtoto hakumbuki. Ndoto mbaya hasa huja karibu na alfajiri, naye akiamka huisimulia. Mambo haya huenda kwa ukoo, na huchochewa na homa, uchovu na kukosa usingizi. Na watoto wengi huachana nayo wakikaribia kubaleghe. Maelezo ya Ibn Sina juu ya tumbo hayakubaki, lakini onyo lake juu ya kukosa usingizi limebaki. Na asali asipewe kabisa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani leo yajulikana kuwa yaweza kumdhuru.

Basi ewe mzazi, akishtuka usimtikise wala usimmwagie maji. Kaa karibu naye, umsomee dua kwa sauti ya chini, umngoje atulie. Akitembea, mshike mkono taratibu umrudishe kitandani. Funga komeo la juu asilolifikia, zuia ngazi, funika kisima, ondosha visu na jiko njiani, wala usimlaze kitanda cha juu. Alale mapema, wala asitishwe kwa hadithi za zimwi ili anyamaze. Ikiwa hushtuka kila usiku saa ile ile, mwamshe kwa upole robo saa kabla yake kwa siku kadhaa. Na ukiona mwili unakakamaa na kutetemeka, au anajiuma ulimi, au anakoroma na pumzi kumkatika, mpeleke kwa daktari, kwani hayo yaweza kuwa maradhi mengine.

Na asubuhi yake msimcheke, wala msimsimulie mbele ya wageni. Mtoto ni amana, na heshima yake ni katika amana hiyo. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu usiku na mchana. Amin.