Baharia Aliyejeruhiwa Mara Nane Bandarini Dar es Salaam



Mwanafunzi wa kwetu aweza kuuliza: sisi watu wa milimani, habari za baharia zatuhusu nini? Zatuhusu. Mwaka 1914 Burundi ilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na makao makuu yake yalikuwa Dar es Salaam. Vita iliyopiganwa katika bandari ile ndiyo iliyokuja kufika hadi Gitega.

Henry Peel Ritchie alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza angali kijana. Vita Kuu ilipoanza alikuwa afisa wa pili kwa cheo katika manowari Goliath.

Tarehe 28 Novemba 1914 manowari Goliath na Fox zilifika nje ya Dar es Salaam. Waingereza walitaka kuzikagua meli za Wajerumani zilizokuwa bandarini na kuziharibu mitambo, zisiweze tena kusafiri. Mjini zilipepea bendera nyeupe. Ritchie akaingia na mashua ndogo, lakini ukimya wa bandari ulimtia shaka. Akaamuru matishari mawili yafungwe ubavuni mwa mashua yake ya mvuke, moja kila upande, yawe ngao.

Tahadhari ile iliwafaa. Walipokuwa wakitoka, risasi ziliwamiminikia kutoka ufukweni. Ritchie alipigwa, akaendelea kuongoza. Akapigwa tena, na tena. Kwa muda wa dakika 20 hadi 25 hakuacha kazi yake, mpaka jeraha la nane lilipompotezea fahamu. Mashua ilifika baharini. Baadhi ya wenzao waliobaki kwenye meli za Wajerumani walichukuliwa mateka, na manowari zikaupiga mji kwa mizinga.

Kuhusu bendera zile, kila upande ulimlaumu mwenziwe. Waingereza walisema wamesalitiwa. Wajerumani walisema ruhusa ilikuwa ya kukagua, si ya kuvunja mitambo.

Aprili 1915 Ritchie alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vita kwa Waingereza. Katika vita ile, hicho kilikuwa kitendo cha kwanza cha mwanamaji kupata nishani hiyo. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Mei, meli ya Waturuki iliizamisha Goliath huko Dardanelles, na watu 570 wakafa. Ritchie hakuwemo, kwa sababu ya majeraha yake. Aliishi hadi mwaka 1958.

Na huku kwetu? Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Burundi, na Gitega ikatoka mkono mmoja wa mkoloni ikaingia mwingine. Pande zote zilitegemea askari Waafrika na wapagazi waliobeba mizigo kichwani. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walipita 40,000. Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi hao. Lakini walio wengi majina yao hayakuandikwa popote.

Basi tuwafundishe watoto wetu mambo mawili. La kwanza, ushujaa wa mtu usifiwe hata kama vita yenyewe haikuwa ya haki kwetu. Ritchie alivumilia ili wenzake watoke salama, na hilo ni jema. La pili, nishani huonyesha aliyeonekana na wakubwa wake. Mpagazi aliyemnyanyua mwenziwe njiani naye alikuwa shujaa, na hakuna aliyemwandika. Allah hasahau.

Wazazi, wakusanyeni watoto jioni moja mbele ya wazee. Waulizeni ni nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na kama alirudi. Yaandikeni majina hayo kabla wazee hawajaondoka nayo.