Kima Sifuri

Waliotafsiri neno la Kifaransa étiage, yaani usawa wa chini wa maji ya mto, kuwa "maji kupwa" hawajawahi, nadhani, kusimama kwenye gati la Kisangani mto ukiwa umeshuka. Kupwa ni neno la pwani. Unguja na Mombasa maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Hapa, chini ya maporomoko ya Boyoma, mto hushuka kwa majuma na kupanda kwa majuma, kadiri mvua inavyonyesha huko juu Lualaba. Anayengoja ujae baada ya saa sita atangoja sana. Kamati iliyotuletea istilahi hiyo, naambiwa, ilikaa mahali penye upepo mzuri wa bahari.

Mpinzani wangu atarukia asili ya neno. Étiage limetoka kwa étier, mfereji wa maji ya chumvi. Nalo kwa aestuarium ya Kilatini, iliyozaliwa na aestus: joto, mchemko, kisha maji yanayojaa na kupwa. Kumbe Wafaransa nao walianzia baharini! Naam, ila wao bahari hawaioni tena ndani ya neno lao. Sisi kupwa tunakuona kila siku.

Wengine, kwa haraka zao, wameandika "data ya chati", kutoka chart datum ya Kiingereza. Datum ni umoja wa data, "kilichotolewa". Lakini kwa mabaharia ni usawa wa maji uliokubaliwa, ambao vina vyote vya ramani huhesabiwa kutoka hapo. Kwa bahari zenye kupwa na kujaa, Shirika la Kimataifa la Hidrografia, lililoanza Monaco mwaka 1921, linapendekeza usawa wa chini kabisa unaotabirika kwa mwendo wa mwezi na jua. Mwezi hautasaidia kitu kwenye kilomita 1,700 na zaidi za kutoka hapa hadi Kinshasa. Mtoni hutazamwa kumbukumbu za miaka ya maji haba.

Kwa hiyo usawa huo wa mtoni nauita kima sifuri. Kima ni qima ya Kiarabu, thamani, nasi tunalo tayari katika kima cha chini cha mshahara. Msomi mmoja alinicheka mkutanini kwamba kima ni mnyama wa mwituni. Ni kweli, na sijasikia nahodha aliyemuuliza mnyama huyo kina cha mto. Sifuri nayo isidhaniwe ni sakafu ya mto: mwaka wa ukame ubao wa vipimo unaweza kusoma chini ya sifuri na boti zikaendelea kuelea.

Matumizi ni mepesi: soma ubao wa bandarini, jumlisha na kina cha ramani, toa sehemu ya boti inayozama; kinachobaki ni maji yaliyo chini ya boti. Hata hivyo, mbele ya tishari husimama watu wenye fito zilizopakwa rangi kwa mikanda, wakichovya na kumwashiria nahodha, kwa sababu mchanga huhama na ramani haihami.

Kamati itakutana tena, nasikia. Barua yangu ya pili imekwisha kwenda.